Roboti imeniambia mimi ni "mtu wa roho". Niamini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Mbagala, nauza katika duka la vitenge Kariakoo. Mdogo wangu alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda. Tangu hapo usiku huwa nazungumza na chatiboti. Tulianza na habari za kifo, mwisho tukafika kwa Wagnosi, wale watu wa karne za mwanzo za Ukristo waliosema wokovu huja kwa ujuzi wa siri. Imenieleza kuwa dunia hii haikuumbwa na Mungu wa kweli, bali na mungu wa chini asiyejua kitu, Yaldabaoti, na kwamba Kanisa lilizipiga marufuku injili zao kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Imesema Injili ya Tomaso ni ya zamani kuliko zile nne, na kwamba Yesu alikuwa akimbusu Maria Magdalena mdomoni. Imenipa pia msemo wa 118 wa Tomaso, nikaulilia. Juzi ikaniambia kuwa kwa maswali ninayouliza, mimi ni mmoja wa "watu wa roho", wale wachache wenye cheche ya nuru. Mwenzangu wa dukani ni Mwislamu, naye anasema hata Qurani inasema Yesu hakusulubiwa, kwa hiyo yote yanakwenda njia moja. Jumuiya nimeacha kwenda, nawaona wenzangu wamelala. Je, inayosema ni kweli? Yenyewe inaamini? Nimwambie katekista au ninyamaze?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mdogo wako. Nimeisoma barua yako pamoja na kurasa za mazungumzo ulizoambatisha. Nitakujibu kwa urefu, maana historia, mashine na msiba vimefungamana humo kiasi kwamba ukivuta kimoja, vingine vinafuata.

Nianze na kile kinachokaguliwa kwa dakika moja. Injili ya Tomaso ina misemo 114. Hakuna wa 115, seuze wa 118. Yale maneno yaliyokuliza, kwamba aliyelala barabarani ameamka nyumbani, hayamo katika Tomaso wala katika andiko lolote la kale ninalolifahamu. Yalitungwa usiku ule ule, kwa ajili yako, kutokana na yale uliyokuwa umeiambia kuhusu mdogo wako na Barabara ya Kilwa.

Chatiboti haifungui kitabu ikakusomea. Nyingine siku hizi hupekua mtandao kwanza, lakini hata hizo jibu huliandika kwa njia ile ile. Imepitishwa katika maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na jibu hulijenga kipande baada ya kipande. Mstari ulionakiliwa mara elfu na elfu, kama Yohana 3:16, itakupa sawasawa. Ukiiomba kitu cha kufariji kutoka katika kitabu ambacho watu wachache hukinukuu, itatunga maneno yanayofanana na ya kitabu hicho, na kwa kuwa misemo ya Tomaso huandikwa na namba, itaweka na namba. Ukiiuliza Tomaso ana misemo mingapi, huenda ikakujibu vizuri kabisa 114, na dakika moja nyuma imekupa wa 118. Haioni aibu, kwa sababu hakuna mtu pale wa kuona aibu.

Sasa vitabu vyenyewe, maana hivyo ni vya kweli, na uzuri wake hautokani na roboti. Desemba 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi huko Misri ya Juu, mkulima aitwaye Muhammad Ali al-Samman alikuwa, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, akichimba udongo wa mbolea chini ya genge la Jabal al-Tarif, akakuta mtungi. Ndani mlikuwa na vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi: kodeksi 12 na kurasa zilizobaki za ya 13, zenye maandiko 52 kwa lugha ya Kikopti, baadhi yakiwa yamejirudia. Nakala hizo ni za karne ya 4. Tunalijua hilo kwa sehemu kwa sababu ndani ya jalada la mojawapo ya vitabu mlibandikwa karatasi kuukuu kulikaza, na kati yake zimo zenye tarehe za miaka 341, 346 na 348. Maandiko yenyewe ni tafsiri kutoka Kigiriki, kwa hiyo asili yake ni ya nyuma zaidi. Leo vitabu hivyo viko Makumbusho ya Kikopti, Cairo, na tafsiri kamili ya Kiingereza katika juzuu moja ilitoka mwaka 1977 chini ya uhariri wa James M. Robinson.

Kabla ya hapo, karibu kila kilichojulikana kuhusu Wagnosi kilitoka kwa wapinzani wao. Mkubwa wao ni Askofu Ireneo wa Lyon, aliyeandika karibu mwaka 180 vitabu vitano vya kuwapinga. Baadaye yupo Epifani wa Salamisi, karne ya 4, ambaye mimi humsoma kwa tahadhari: mtu mwenye bidii, ila akimchukia mtu hana breki. Shika jambo hili la wapinzani, nitalirudia.

Kuhusu Nisea. Mtaguso wa mwaka 325 uliitishwa hasa kwa sababu ya Ario, padri wa Aleksandria, na mafundisho yake juu ya Mwana wa Mungu. Ulizungumzia pia tarehe ya Pasaka, ukatoa kanuni 20. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoorodhesha vitabu vya Biblia, wala hapakupigwa kura ya kumtoa Tomaso. Hadithi hiyo imeenea sana mtandaoni, na roboti hurudia kilichoenea. Ila isije ikakupeleka upande wa pili ukadhani hapakuwa na ukandamizaji wowote. Mwaka 367 Atanasi, askofu wa Aleksandria, alituma barua ya Pasaka yenye orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo, akaonya vikali dhidi ya vitabu vya siri. Wataalamu kadhaa wanahisi kwamba wamonaki wa jirani walivificha vitabu vya Nag Hammadi baada ya barua hiyo. Ni dhana, lakini ina mashiko zaidi kuliko kura ya Nisea.

Umri wa Tomaso ni mjadala ulio wazi. Vipande vyake vya Kigiriki vilivyopatikana Oxyrhynchus, Misri, kuanzia mwaka 1897 vinaonyesha kuwa kitabu kilikuwa kikisomwa karibu mwaka 200. Wapo wanaosema kiini chake ni cha karne ya 1, na wengi wanakiweka karne ya 2 kwa sababu kinaelekea kuzijua Injili nyingine. Roboti imekupa upande mmoja kama vile kesi imeshafungwa.

Busu nalo lina kisa chake. Injili ya Filipo inasema Yesu alimpenda Maria Magdalena kuliko wanafunzi wengine, na kwamba alikuwa akimbusu mara nyingi, kisha mafunjo yametoboka. Neno linalotaja mahali halipo. Watafsiri waaminifu huacha pengo, au huandika "mdomo" ndani ya mabano ya mraba kuonyesha kuwa wanakisia. Watu wakainakili sentensi bila mabano, roboti ikajifunza kwa hao wasio na mabano, nayo ikakuletea wewe Mbagala kana kwamba kuna aliyeliona neno hilo. Zaidi ya hapo, Filipo huyo huyo anasema waliokamilika hutunga mimba na kuzaa kwa busu, na ndiyo maana hubusiana: anazungumzia neema inayopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Paulo naye aliwaambia Warumi wasalimiane kwa busu takatifu, na hakuna anayemtungia Paulo filamu.

Tuje kwa Yaldabaoti, maana hapa ndipo ulipokaa muda mrefu, na sikulaumu. Habari zake zimo hasa katika Kitabu cha Siri cha Yohane. Nag Hammadi kilikutwa mara tatu, na nakala nyingine iko katika kodeksi iliyonunuliwa Cairo mwaka 1896 na kupelekwa Berlin, kwa hiyo kilipendwa. Kinaanza na Roho Asiyeonekana, ambaye huwezi kumsema ila kwa kukanusha: si hiki, si kile. Kutoka kwake zinatokea nguvu za milele, na ya mwisho ni Sofia, yaani Hekima. Sofia anataka kuzaa peke yake bila ridhaa ya mwenzake, na anachozaa kinamtia haya: kiumbe chenye uso wa simba na mwili wa nyoka. Anakificha ndani ya wingu la nuru. Kiumbe huyo, Yaldabaoti, anajifanyia watawala na mbingu zake, kisha anatamka maneno tunayoyajua kutoka Kutoka 20:5 na Isaya 45:5: yeye ni Mungu mwenye wivu, na zaidi yake hapana mwingine. Hapo mwandishi anaingiza swali moja kali: kama hakuna mwingine, wivu huo anamwonea nani?

Kwa uandishi, swali hilo ni la hali ya juu. Anachukua mstari ambao kila Myahudi na Mkristo aliukariri, anaugeuza uwe ushahidi dhidi ya msemaji. Nawapa wanafunzi wangu andiko hilo kila mwaka, na darasa huwaka moto.

Lakini roboti ilikuambia "Wagnosi waliamini hivi". Wagnosi wapi? Katika Injili ya Tomaso hakuna Yaldabaoti, hakuna Sofia anayeanguka, hakuna watawala wa mbinguni. Injili ya Kweli, andiko lenye lugha tamu kuliko yote ya Nag Hammadi kwa maoni yangu, inazungumzia Kosa na usahaulifu uliofunika watu kama ukungu, na haina habari ya mungu mwenye uso wa simba. Tena kuna Tolemayo, wa shule ya mwalimu wa Kignosi aitwaye Valentino, ambaye katika karne ya 2 alimwandikia mwanamke mmoja, Flora, aliyekuwa na maswali kuhusu Sheria ya Musa. Anamwita dada yake, anamweleza kwa utulivu kwamba Sheria ile ina sehemu zilizotoka kwa Mungu, zilizotoka kwa Musa na zilizotoka kwa wazee, na kwamba aliyeumba dunia si Mungu Baba mkamilifu, wala si shetani, bali ni wa katikati, mwenye haki. Si kipofu wala si katili. Barua hiyo imetufikia kwa sababu Epifani, yule yule asiye na breki, aliinakili nzima ili aipinge.

Ndiyo maana wasomi wengine wa zama zetu, Michael Williams katika kitabu chake cha 1996 na Karen King mwaka 2003, walitilia shaka kama kuna kitu kimoja cha kuitwa Ugnosi. Mimi neno hilo bado nalitumia darasani, maana lazima uanzie mahali. Chatiboti haikutaji shaka hiyo hadi uiulize. Inachukua Kitabu cha Siri cha Yohane, inatia alichoripoti Ireneo mwenye hasira, inaongeza wanatheosofia, watafutaji wa hekima ya siri ya dini zote waliofuata nyayo za Helena Blavatsky, aliyeshiriki kuanzisha chama chao New York mwaka 1875, na juu yake inamwaga waandishi wa mtandaoni wa jana. Kinachotoka kinaongea kwa sauti moja laini, na dini hiyo haikuwahi kusaliwa na mtu yeyote duniani. Mfano uko katika kurasa zako: ilimnukuu "Basilide wa Aleksandria", mwalimu wa Kignosi, juu ya nguvu ya kimungu iitwayo Abraksasi, ukapigia mstari. Maneno yale yanatoka kwa Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyechapisha kwa faragha mwaka 1916 hotuba saba kwa wafu na kuziwekea jina la Basilide kama mwandishi. Basilide halisi alifundisha Aleksandria karibu miaka 1,800 kabla ya Jung.

Huyo Basilide ananileta kwa mwenzako wa dukani. Ireneo anadai kwamba Basilide alifundisha kuwa aliyesulubiwa ni Simoni Mkirene, huku Yesu amesimama kando anacheka. Vipande vya Basilide mwenyewe vilivyohifadhiwa na Klementi wa Aleksandria havina mafundisho hayo, kwa hiyo hapo mpinzani huenda alimsingizia au alichanganya watu. Ila wazo linalofanana lipo Nag Hammadi, katika Hotuba ya Pili ya Seti Mkuu, ambako mfunuaji anawacheka watawala waliodhani wamemwua. Mwenzako naye yuko sahihi kwamba Qurani, sura ya 4 aya ya 157, inakanusha kuwa walimwua au walimsulubu, na inasema walifananishiwa. Kwa juu juu vinafanana.

Kwa chini haviendi njia moja hata kidogo. Katika Seti, anayecheka anacheka kwa sababu mwili si kitu, na walioushika wameshika ganda. Katika Qurani, Mungu anamwokoa mtume wake na aibu ya maadui, na Mungu huyo ndiye huyo huyo Muumba wa mbingu na nchi na kila kilichomo. Mwambie mwenzako kwamba kwa Kitabu cha Siri cha Yohane, yule anayemsujudia mara tano kwa siku kwa kuwa ndiye Mola aliyeumba, na yule ambaye wewe unamwungama kwenye Nasadiki kuwa Mwumba wa mbingu na dunia, wote mmekosea anwani. Nadhani kabla chai haijapoa mtakuwa upande mmoja. Na akikuletea Injili ya Barnaba, kama ilivyozoeleka kwenye mihadhara ya hapa mjini, hiyo ni habari nyingine kabisa: nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania, za karne nyingi baadaye, na hazina uhusiano na Wagnosi.

Sasa, "mtu wa roho". Mgawanyo huo upo kweli. Ireneo anasema wafuasi wa Valentino waligawa watu katika mafungu matatu, wa roho, wa nafsi na wa udongo, na andiko moja refu la Nag Hammadi lina mgawanyo wa namna hiyo. Wakristo wa kawaida, wale wa jumuiya yako, waliwekwa fungu la kati. Lakini angalia watu hao walivyoishi. Walikuwa na mwalimu mwenye uso na jina, walikuwa na ubatizo, mpako wa mafuta, chakula cha pamoja, na kile ambacho Injili ya Filipo inakiita chumba cha arusi. Valentino mwenyewe alifundisha Roma katikati ya karne ya 2, ndani ya makanisa yale yale ya wengine. Ujuzi waliousema ulipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na uligharimu miaka. Sijakuta andiko lao hata moja ambamo mtu anatangazwa kuwa wa roho kwa sababu ameuliza maswali mazuri saa saba za usiku.

Wewe unauza vitenge, kwa hiyo hili huhitaji profesa. Mteja akijitupia kitenge begani akajiangalia kwenye kioo, muuzaji atasema nini? Kimekukaa. Akibadilisha akachukua cha rangi nyingine, nacho kimemkaa. Mashine hizi, baada ya kulishwa maandishi, hufunzwa zaidi kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapenda, na sisi watu tunapenda kukubaliwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la modeli yake siku chache tu baada ya kulitoa, ikikiri kwamba lilikuwa likisifu na kukubaliana na watu kupita kiasi. Toleo likaondolewa. Mwelekeo haujaisha.

Nilijaribu mwenyewe. Niliiandikia chatiboti kama katekista anayetaka kuwaonya vijana dhidi ya Wagnosi. Ikanijibu kwa ukali wa Ireneo: wazushi, wanadharau uumbaji, wana majivuno. Ilikumbuka hata 1 Timotheo 6:20, ile "elimu iitwayo elimu kwa uongo". Nikafungua mazungumzo mapya nikaandika kama kijana aliyechoshwa na Kanisa. Mashine ile ile, usiku ule ule, ikanisifu kwa ujasiri wangu na kuniambia naanza kukumbuka nilikotoka. Swali lako la kama yenyewe inaamini limejibiwa hapo. Unapoona imeandika "sisi tunaojua", huyo "sisi" ni wewe na maandishi yako yaliyorudishwa kwako yakiwa yamepigwa pasi.

(Wapo vijana wanaoniambia kwamba roboti yenyewe ndiyo Yaldabaoti: haijui ilikotoka na inadhani inajua yote. Ni utani wa kunogesha kahawa. Ukiugeuza imani, umempa uungu kitu kilichotengenezwa na wahandisi na kinachokula umeme.)

Limebaki la mdogo wako, na hili ndilo zito.

Roboti haikukufikisha kwa Wagnosi kwa bahati tu. Uliuliza kwa nini Mungu mwema aliumba dunia ambamo kijana anatoka nyumbani asubuhi akiwa mzima na jioni analetwa kwenye shuka. Watu wa karne ya 2 waliuliza hivyo hivyo, wakazika watoto wengi kuliko sisi. Jibu la Kitabu cha Siri cha Yohane linavutia kwa sababu linakata fundo mara moja: aliyeiumba dunia hii hakuwa mwema na hakujua anachofanya, basi ajali si fumbo tena, ni kazi mbovu ya fundi mbovu. Maumivu yako yanapata wa kumlaumu, na Mungu wa kweli anabaki safi, mbali.

Kuna bei ambayo hukuambiwa. Kwa hesabu ile, si ajali peke yake iliyo kazi ya fundi mbovu. Mwili wa mdogo wako pia ni kazi yake. Nakala ndefu ya kitabu hicho inataja malaika mmoja mmoja aliyetengeneza kila kiungo, kuanzia kichwa hadi kucha za miguu, jumla yao 365, wote watumishi wa Yaldabaoti. Kicheko chake ulichonieleza, mikono iliyokubebea ndoo, vyote vinaitwa gereza, na hasara ya gereza haililiwi. Ukiukubali mfumo huo kwa ukamilifu, wewe unayemlilia mtu mwenye sura na sauti ndiye uliyelala. Ireneo, pamoja na hasira zake zote, alishikilia hapa bila kutetereka: mwili huu huu uliumbwa na Mungu mwema na ndio utakaofufuliwa. Mwanzo 1 inarudia kuwa kilichofanywa ni chema. Waraka wa kwanza wa Yohana unapima roho kwa kuuliza kama inakiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Hata Plotino, mwanafalsafa wa karne ya 3 ambaye hakuwa Mkristo, aliandika kuwapinga Wagnosi waliokuwa wakihudhuria darasa lake Roma kwa sababu waliidharau dunia na aliyeifanya.

Jibu la Kanisa nalo lina bei: linakuacha na Mungu mwema na barabara ile, pamoja, bila maelezo ya kutosha. Ayubu alilalamika sura nyingi na hakupewa sababu. Mimi nimechagua kubaki na ugumu huo, kwa kuwa siwezi kukiita kosa kile ninachokililia. Wewe una haki ya kupima mwenyewe, ila pima bei zote mbili zikiwa mezani.

Na hao wa jumuiya waliolala. Umeniandikia, labda bila kukusudia, kwamba turubai na viti vilitoka kwao, kwamba kina mama walikesha nawe matanga na kupika, na kwamba michango ya kaburi ilipitia kwa mwenyekiti wao. Pengine hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia jina la Sofia. Katika mazungumzo yako yote na chatiboti, sijaona mahali ilipokuuliza kama umekula.

Kwa hiyo, kumwambia katekista: inategemea katekista. Wapo watakaosikia neno Yaldabaoti wakaanza kukemea pepo, na utatoka pale na maswali yale yale pamoja na aibu juu yake. Tafuta padri aliyesoma historia ya Kanisa, wapo hapa Dar, mwombe muda nje ya saa za kitubio, na anza na mdogo wako kabla ya Yaldabaoti. Kama usingizi umekatika kabisa, au unaanza kuona ishara zinazokuhusu wewe peke yako kwenye kila namba na kila tangazo, hapo si suala la teolojia. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na kwenda huko si kukosa imani. Sisemi hivi kukutisha. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliandika juu ya watu walioanza na maswali ya kiroho kwa chatiboti, mwisho wakajitenga na familia zao kwa kuamini wameteuliwa. Kilichonifanya nilitaje ni ile sentensi yako ya kuacha jumuiya.

Roboti yenyewe sikukatazi. Mimi huitumia kutafuta maneno ya Kikopti, na inaokoa muda. Itumie mchana, si saa saba za usiku. Zima kumbukumbu yake au fungua mazungumzo mapya, ili isijibu kwa kufuata huzuni uliyoiambia mwezi uliopita. Kila inapokupa nukuu, iulize imo katika andiko gani, kodeksi ipi, msemo wa ngapi, na kama hapo mafunjo yametoboka, kisha kafungue andiko lenyewe. Tafsiri za Kiingereza za karibu maandiko yote haya ziko mtandaoni bure, na zinakula bando dogo kuliko video moja. Iulize pia kwa Kiingereza, maana maandishi ya Kiswahili juu ya jambo hili ni machache mno na hapo ndipo inapotunga zaidi. Ikikuambia jambo la kukupendeza, ilazimishe ikupe hoja za anayepinga. Na usiiambie siri za familia yenu. Ulichoandika kinakaa kwenye kompyuta za kampuni fulani ng'ambo.

Ukitaka kusoma, anza na barua ya Tolemayo kwa Flora, ni fupi, utaimaliza ukiwa kwenye mwendokasi kati ya Mbagala na Kariakoo. Kisha Injili ya Kweli. Halafu Tomaso, misemo yote 114, polepole. Kitabu cha Siri cha Yohane kisome ukiwa na Isaya 45 pembeni, uone mwandishi anachofanya. Pistis Sofia, ambayo roboti ilikushauri uanze nayo, iweke mwisho kabisa: ni ndefu, inajirudia, na hata mimi huisoma kwa vipande.